Mwongozo wa Kufundisha Kunawa Mikono na Usafi katika Shule za Vijijini

Ukimwuliza mtoto wa darasa la pili ni wakati gani anapaswa kunawa mikono, atakujibu bila kusita kwamba ni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Kisha kengele ya mapumziko italia, ataingia chooni mbio, atatoka mbio na kupitiliza hadi uwanjani, kwa sababu njiani hakuna maji, au maji yapo lakini sabuni imefungiwa kabatini ofisini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii au mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kushughulikia umbali huo ulioko kati ya jibu la mtoto na mikono yake. Kwa makusudi, hatua za mwanzo zinahusu maji, sabuni na mahali pa kunawia, na somo la darasani linafuata baadaye. Kumfundisha mtoto kunawa mahali ambapo hawezi kunawa ni kumzoesha kulijua jambo na kutolitenda.

Hatua ya 1: Tazama kabla hujasema lolote

Tenga siku mbili za kutazama. Wakati wa mapumziko, keti mahali ambapo unaiona njia ya chooni bila kuonekana kwamba unachunguza, labda chini ya mti ukiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na kwa dakika 20 uhesabu mambo matatu tu: watoto wangapi wametoka chooni, wangapi kati yao wamegusa maji, na wangapi wametumia sabuni. Fanya hivyo kabla hujautangaza mpango wako kwa yeyote, kwa kuwa watoto wakijua wanatazamwa hunawa, na watu wazima wako vivyo hivyo. Kuwauliza kwa mdomo au kwa karatasi hakusaidii, kwani wote watakuambia kwamba wananawa. Yahifadhi matokeo vizuri, kwa maana utayahitaji katika hatua ya mwisho.

Baada ya hapo, fanya hesabu mbili ambazo mipango mingi huzisahau. Hesabu ya kwanza ni ya maji. Ikiwa shule ina watoto 300, na kila mmoja ananawa mara mbili kwa siku kwa robo lita, zinahitajika lita 150 kila siku, yaani madumu manane ya lita 20 yakiwa yamekaribia kujaa. Nani atayachota, kutoka wapi, na saa ngapi? Kama jibu ni kwamba wasichana watatumwa mtoni wakati wa vipindi, mpango huo una kasoro hata kabla haujaanza, na ni afadhali kamati ikae kwanza na wazazi kuzungumzia uvunaji wa maji ya mvua kutoka kwenye mapaa au zamu ya kuleta maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shule zenye uwezo mdogo unapendekeza lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, kwa matumizi yote ukiacha vyoo vya kumwagia maji, kwa hiyo unaweza kuona kwamba kunawa peke yake si mzigo mkubwa kama inavyodhaniwa.

Hesabu ya pili ni ya muda, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Mtoto mmoja hutumia takriban sekunde 40 tangu anaposogea kwenye maji hadi anapoondoka. Darasa la watoto 50 likipanga foleni kwenye bomba moja litatumia sekunde 2,000, yaani zaidi ya dakika 33, na mapumziko yatakuwa yamekwisha. Mtoto aliye nyuma ya foleni anaifanya hesabu hiyo kichwani haraka kuliko sisi na kuondoka zake. Mkiwa na mahali patano pa kutokea maji, darasa hilohilo litamaliza kwa muda usiofika dakika saba. Kwa hiyo, ukipata fedha kidogo, usinunue tangi moja kubwa lenye bomba moja la kupendeza. Tafuta njia ya kuyatoa maji sehemu nyingi kwa wakati mmoja, hata kama kila sehemu ni duni kwa sura.

Hatua ya 2: Jenga mahali pa kunawia, karibu na choo

Umbali kati ya choo na maji una uzito kuliko hotuba yoyote. Mahali pa kunawia pawe hatua chache kutoka kwenye mlango wa choo, upande ule ambao watoto hupita wanaporudi, ili asiyenawa alazimike kupita kando ya maji bila kuyagusa. Pawepo na sehemu nyingine karibu na wanapolia chakula. Maji yanayotumika yawe yanatiririka. Beseni moja ambalo watoto wote huingiza mikono humo lina madhara, kwa sababu anayenawa wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake. Si lazima maji hayo yawe ya kiwango cha kunywa. Maji ya kisima au ya mvua yasiyochemshwa yanafaa kwa kunawia mradi yaonekane safi na sabuni itumike, ila wekeni alama iliyo wazi ili mtoto asiyanywe.

Kifaa chepesi zaidi kujenga ni kibuyu chirizi, ambacho asili yake ni Zimbabwe katika miaka ya 1980, ambako kibuyu halisi kilitumika kabla ya kidumu cha plastiki kuchukua nafasi yake. Watoto wa madarasa ya juu wanaweza kukijenga kwa asubuhi moja, na ni vizuri wakijenge wenyewe, kwa kuwa wataweza pia kukitengeneza kitakapoharibika.

Chukueni kidumu cha lita 5 chenye mpini na kifuniko. Pasha moto msumari mwembamba ukiushika kwa koleo, kisha utoboe tundu dogo ubavuni mwa kidumu, upande ulio mkabala na mpini, takriban sentimita 12 chini ya kifuniko. Tundu likiwa kubwa, kidumu kitakwisha baada ya watoto kumi tu, hivyo anza na dogo, kwa maana kulipanua ni rahisi na kuliziba ni kazi. Simikeni miti miwili yenye panda, yenye urefu wa mita 2, umbali wa sentimita 70 hivi kati yake, ikiwa imezama ardhini karibu nusu mita na kushindiliwa kwa mawe. Pitisheni ufito imara kwenye mpini wa kidumu na kuulaza juu ya panda hizo. Toboeni kifuniko katikati, mpitishe kamba na kuipiga fundo kwa ndani, kisha ncha ya pili ya kamba mwifunge kwenye kijiti cha kukanyagia kilicho chini. Mtoto akikanyaga, shingo ya kidumu huinama na maji huchirizika. Akiachia, kidumu hurudi wima na maji hukatika. Faida yake kubwa ni kwamba mikono haigusi chochote, tofauti na bomba la kuzungusha, ambalo mtoto hulifungua kwa mkono mchafu na kulifunga kwa mkono uleule uliokwisha kunawa.

Chini ya kidumu chimbeni shimo la upana wa nusu mita na kina cha sentimita 15 hivi, kisha mlijaze kokoto. Msiliruke jambo hili. Mahali palipo na tope watoto hupakwepa, hasa waliovaa viatu vipya, na dimbwi lililotuama huwa mazalia ya mbu. Vilevile jengeni angalau kibuyu kimoja cha chini kwa ajili ya watoto wa madarasa ya awali, ambao kwenye kile cha wakubwa maji huwashukia mikononi hadi viwiko na kuwalowesha kifuani. Mtoto anayetembea kwa magongo au anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kukanyaga kijiti, kwa hiyo kidumu chake kiwe na kamba inayovutwa kwa kiwiko au bomba la kusukuma, na njia ya kufikia hapo iwe tambarare.

Shule yenye watoto wengi itahitaji pia bomba la plastiki refu lililotobolewa matundu kila baada ya nusu mita, likilazwa juu ya vigingi na kuunganishwa na pipa lililoinuliwa. Kwa bomba la mita 5, watoto 10 wananawa kwa pamoja, na hilo litarahisisha sana hatua ya 6.

Hatua ya 3: Sabuni iwepo, na ibaki

Shule nyingi zimejenga vibuyu vizuri vikafa kwa sababu ya sabuni. Mche wa sabuni ukiachwa wazi huyeyuka kwa mvua, huliwa na wanyama, au huondoka na mtu ambaye nyumbani kwake haipo, na sioni sababu ya kumwita mtoto huyo mwizi. Mnaweza kuikata vipande, kuitoboa katikati na kuitundika kwa kamba, au kuitia ndani ya wavu mdogo na kuifunika kwa kopo lililogeuzwa. Njia ninayoipendelea kuliko zote, hata hivyo, ni maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia katika chupa yenye lita moja na nusu ya maji, ikatikiswa, kisha kifuniko kikatobolewa tundu dogo la kukamulia. Pakiti moja inatengeneza chupa nyingi, haiyeyuki kwa mvua, na hakuna anayejisumbua kuibeba kwenda nayo nyumbani.

Sabuni inapokosekana kabisa, majivu makavu kutoka jikoni, yaliyohifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko, ni bora kuliko maji matupu, lakini ushahidi wa manufaa yake ni mdogo, na yasigeuzwe kuwa mpango wa kudumu wa shule. Udongo usitumike, kwa sababu huenda ukawa na mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo huishi ardhini kwa miaka. Kuhusu vitakasa mikono vyenye spiriti, hivyo vinafaa mikono isiyo na uchafu unaoonekana. Mtoto aliyetoka kucheza mpira uwanjani akivipaka anachanganya spiriti na vumbi, na mayai ya minyoo hayaondoki.

Teua mwalimu mmoja mwenye dhamana na wanafunzi wa zamu wawili kwa kila wiki, mvulana na msichana, wanaotoa sabuni asubuhi, kujaza madumu kabla ya mapumziko na kuirudisha sabuni ndani jioni. Zamu hiyo iandikwe kwenye orodha ileile ya zamu nyingine za shule, na isitumike kamwe kama adhabu.

Hatua ya 4: Somo la masizi na mafuta

Sasa unaweza kuingia darasani. Kwa somo la kwanza andaa kijiko cha mafuta ya kula, masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria, maji, sabuni, karatasi mbili nyeupe na beseni la kupokea maji. Waite watoto wawili wa kujitolea na uwapake viganjani mafuta kidogo yaliyochanganywa na masizi, kisha waagize wasugue mikono yote, hadi katikati ya vidole. Liambie darasa kwamba weusi huu unasimama mahali pa kinyesi ambacho macho hayakioni, kwa maana kiasi kisichozidi punje ya mchanga kinaweza kubeba vijidudu visivyohesabika.

Mtoto wa kwanza anawe kwa maji matupu huku wenzake wakihesabu hadi 20. Maji yatateleza juu ya mafuta kwa matone, na weusi utahama kutoka kiganja hadi vidoleni bila kuondoka. Mpe karatasi aishike, nayo itabaki na alama za vidole vyote vitano. Hapo acha kimya kidogo, watoto wataitazama karatasi hiyo na kuelewa wenyewe ni nini kinachoingia mdomoni. Mtoto wa pili anawe kwa sabuni kwa muda uleule. Povu litatoka likiwa jeusi, kisha kijivu, kisha jeupe. Eleza kwa maneno mepesi kwamba chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika mafuta na nyingine hushika maji, kwa hiyo maji yanapoondoka huivuta sabuni, nayo sabuni huuvuta uchafu. Kwa watoto wakubwa ongeza kwamba baadhi ya virusi na bakteria vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni huuchana utando huo.

Kisha mwambie mtoto wa pili aikague mikono yake mbele ya wote. Katika darasa moja nililolifundisha, msichana mdogo alikuwa amekwisha kushangiliwa na kurudi kwenye dawati lake, akageuza mkono, akaniinulia kidole gumba na kusema, “Mwalimu, huku nyuma bado.” Weusi ulikuwa umebaki mgongoni mwa kidole gumba na kwenye mstari wa kucha zote. Darasa zima likaanza kukagua vidole gumba, nami nikayaacha yale maelezo niliyokuwa nimeyaandaa.

Kuna jaribio jingine linalopendwa sana, la kunyunyiza unga wa pilipili manga juu ya bakuli la maji na kuchovya kidole chenye sabuni, ambapo pilipili hukimbilia kingoni. Linafurahisha, lakini mimi silitumii kwa somo hili. Kinachoonekana pale ni sabuni kulegeza utando wa juu wa maji, na mtoto huondoka akiamini kwamba vijidudu huogopa sabuni na kukimbia, kwa hiyo kugusa tu kunatosha. Kazi kubwa ya kunawa hufanywa na kusugua, na jaribio hilo halina kusugua.

Watoto wa madarasa ya juu wanapenda kusimuliwa habari ya daktari Ignaz Semmelweis, Mhungaria aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna. Mwaka 1847 aliona kwamba kina mama waliohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti walikufa kwa wingi baada ya kujifungua, akaagiza madaktari hao wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa. Mwezi Aprili walikuwa wakifa zaidi ya 18 kwa kila 100. Kufikia Juni hawakuzidi 3. Sababu hasa hakuijua, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijakubalika, na wenzake wengi walimpinga. Waulize wanafunzi ni kwa nini watu wasomi waliona vibaya kuambiwa kwamba mikono yao si misafi. Mjadala utakaofuata utawafaa pia watakapokwenda kuzungumza na wakubwa zao nyumbani.

Hatua ya 5: Miondoko ya kunawa

Fundisha miondoko mikono ikiwa mikavu kwanza, darasa zima likiwa limesimama, ili maji yasipotee wakati wa kujifunza. Mtoto analowesha mikono, anapaka sabuni, kisha anasugua kiganja kwa kiganja. Kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, kwa kubadilishana. Vidole vikiwa vimepishana. Kidole gumba kimoja kikiwa kimeshikwa na kuzungushwa ndani ya kiganja kingine, kisha cha pili. Ncha za vidole zikikwanguliwa juu ya kiganja ili sabuni iingie chini ya kucha. Na mwisho kifundo cha mkono. Kusugua kuchukue sekunde 20 au zaidi. Baada ya hapo anasuuza, anakung'uta mikono na kuiacha ikauke kwa hewa. Taulo moja la darasa zima lisiwepo, na kufuta mikono kwenye sare kukatazwe kwa upole, kwani sketi na kaptula zimekalia ardhi tangu asubuhi.

Sekunde 20 hazina maana kwa mtoto wa miaka sita, hivyo darasa litunge wimbo wake. Waachie watoto maneno na wewe ushike saa. Wimbo ukiisha mapema, waongeze ubeti. Ubeti wa vidole gumba usikosekane.

Kuhusu nyakati za kunawa, orodha ndefu huwachosha watoto. Katika muhula wa kwanza sisitiza nyakati mbili tu, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula au kushika chakula. Zikishazoeleka ongeza nyingine: baada ya kumsafisha mdogo wake aliyejisaidia, baada ya kushika wanyama au udongo, na baada ya kupenga kamasi. Hiyo ya kumsafisha mdogo wake ina uzito vijijini, ambako watoto wa shule hulea wadogo zao, na watu wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima.

Hatua ya 6: Kunawa kuwe sehemu ya ratiba

Mazoea hujengwa kwa kurudia jambo lilelile, mahali palepale, saa ileile. Dakika 10 kabla ya chakula ziandikwe kwenye ratiba kama kipindi, na kila darasa litoke na mwalimu wake, linawe kwa pamoja kwenye bomba refu na kuimba wimbo wake. Mwalimu anawe pia, mbele yao. Mtoto akimwona mwalimu anamega chakula bila kunawa, somo lote la masizi limekwisha thamani.

Kwa upande wa choo, ambako hakuna mwalimu, tumia macho ya watoto. Katika utafiti uliofanywa kwenye shule mbili za msingi vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2016, watafiti walijenga mahali pa kunawia, wakatengeneza njia ya rangi kutoka chooni, wakachora nyayo juu yake na alama za viganja penye maji, bila kutoa somo lolote. Kabla ya hapo watoto 4 kwa kila 100 ndio waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Siku iliyofuata walikuwa 68, na wiki sita baadaye 74. Si lazima muwe na rangi ya dukani. Mawe yaliyopakwa chokaa na kupangwa kwa mfuatano wa nyayo kutoka mlangoni hadi kwenye kibuyu yataonekana vizuri, na watoto wadogo hawawezi kuona nyayo wasizikanyage.

Jambo moja linahitaji ukali, na ukali huo uwaelekee walimu. Mtoto asiaibishwe mstarini kwa sababu ya kucha au shati. Kinyaa ni mwalimu mzuri kinapoelekezwa kwenye kinyesi. Kikielekezwa kwa mtoto, huzaa mtoro. Mwenye uchafu aitwe pembeni, apewe sabuni na nafasi ya kunawa, na kama hali hiyo inajirudia, mwalimu achunguze yaliyoko nyumbani kabla ya kulaumu.

Hatua ya 7: Kucha, uso na choo

Kucha zikatwe kila wiki siku moja maalumu, kwa mkasi au kikatio kinachosafishwa kwa sabuni kati ya mtoto na mtoto. Wembe wa kupokezana usitumike. Mayai ya minyoo hunata, na chini ya kucha ndefu hata kusugua vizuri hakuyafikii.

Penye ukavu, vumbi na nzi wengi, usafi wa uso una uzito sawa na wa mikono. Trakoma husambaa kwa mikono, nguo na nzi wanaogusa tongo na kamasi za mtoto mmoja na kutua kwa mwingine, na maambukizi yakijirudia kwa miaka, kope hugeuka ndani na kulikwaruza jicho hadi upofu. Kuosha uso ni mojawapo ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo. Mtoto akishamaliza kusuuza mikono, ateke maji kidogo kwa viganja aoshe macho na pua. Ni viganja viwili tu vya maji, na kioo kidogo kilichotundikwa hapo kitafanya kazi kuliko amri.

Choo nacho lazima kiingilike. Mtoto anayekiogopa kwa giza, harufu au sakafu inayotikisika atakwenda kichakani, na huko hakuna kibuyu. Wasichana waliovunja ungo wanahitaji mlango unaofungwa kwa ndani, pamoja na maji na sabuni ndani yake, kwani hawawezi kuosha mikono yenye damu ya hedhi kwenye foleni ya wavulana.

Hatua ya 8: Fikisha jambo nyumbani kwa adabu

Tusimfanye mtoto kuwa askari wa kumkemea mama yake. Mpe kazi ya mikono: ajenge kibuyu chirizi nyumbani pamoja na mlezi, kisha aje aeleze darasani walikiweka wapi na kwa nini. Katika mkutano wa wazazi, rudieni jaribio la masizi, wanafunzi wakiliongoza na mzazi anayeheshimika akinawa. Wazazi wengi hunawa vizuri kwa maji matupu, na watakachojifunza hapo ni sabuni, wala si kunawa. Siku ya Kunawa Mikono Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 15 Oktoba tangu mwaka 2008, huwa na nyimbo na hotuba nyingi. Mimi ningeitumia kubadilisha kamba zilizochakaa na kuongeza kokoto.

Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya wiki sita rudi chini ya mti uleule na daftari lako, kwa dakika 20, bila kutangaza, na uhesabu mambo yaleyale matatu. Kati ya siku hizo kuna vipimo visivyohitaji kukaa: pima sabuni imepungua kiasi gani kwa wiki, na tazama kama kokoto zimelowa baada ya mapumziko. Sabuni isiyopungua haitumiki, haidhuru ukutani pamebandikwa nini. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kuhimiza kunawa mikono katika shule na vituo vya watoto hupunguza matukio ya kuhara kwa karibu 30 kwa kila 100, lakini shule moja peke yake ni ndogo mno kuweza kuliona hilo kwa uhakika katika muhula mmoja, hivyo usiahidi kwamba utoro utakwisha.

Idadi ikiwa ndogo, usirudie somo. Kagua kwanza madumu saa nne asubuhi kama yana maji, kisha kamba za kukanyagia, ambazo kwa kawaida hukatika kati ya wiki ya tatu na ya tano pale zinapopita kwenye kifuniko. Fundo la pili na kipande cha mpira wa baiskeli kilichovikwa kamba mahali hapo huifanya idumu muhula mzima.